Mafiga ya Njambi

Chumba alichopewa Namalwa kilikuwa bado na ugali wa mtu mwingine ndani ya sufuria.

Ulikuwa umekauka na kupasukapasuka kama tope la kiangazi, mwiko umesimama wima katikati yake. Kando ya moto palikuwa na kigoda, kimegeuzwa nusu kuelekea mlangoni, kama kwamba mwenyewe ameinuka kuitikia hodi na anarudi sasa hivi kumalizia kula. Kwenye msumari ukutani ilining'inia mbeleko. Namalwa alisimama kizingitini na kibunda chake kichwani, asiingie. Yeye mwenyewe alikuwa ametolewa katika chumba chake na mwingine akaingizwa kabla kitanda hakijapoa. Jambo hilo alilijua vizuri, ila alilijua kutoka upande wa anayetoka.

"Ingia, shemeji," alisema Shem mpishi nyuma yake. "Hajafa huyo. Wamemchukua tu."

Shem alikuwa Mjaluo mnene, mcheshi, aliyempikia Bwana, Mzungu mwenye nyumba, tangu kabla ya vita vya Wajerumani kwisha. Akamweleza huku ameegemea nguzo. Mwenye chumba aliitwa Njambi, yaya wa mtoto wa nyumba ile. Wakikuyu wote waliofanya kazi majumbani Karen walikuwa wakiondolewa kwa sababu ya Hali ya Hatari, na badala yao wakaletwa Waluhya, Wajaluo na Wakamba. Lakini Njambi hakuondolewa hivi hivi. Risasi tano za bastola ya Bwana zilikuwa zimepotea. Askari walikuja asubuhi, wakapasua godoro lake, wakachoma nyasi za paa kwa mikuki, wakachimba sakafu ikawa kama shamba. Hawakuona kitu. Wakamchukua hata hivyo.

"Yeye alisema nini?"

"Alifunga mdomo. Wewe unajua sheria ya siku hizi, shemeji? Mtu mweusi akikutwa na risasi moja, hata bunduki hana, hata ya kukopa hana, basi." Shem akajishika koo, akatoa ulimi, akacheka. Kisha akaona Namalwa hacheki, akarudi jikoni kwake.

Namalwa hakuwa mtu wa kucheka. Alikuwa amemzalia mumewe watoto watatu na wote watatu akawazika wachanga, hakuna hata mmoja aliyefika kutambaa. Mume huyo, Tobias, alikuwa mtunza stoo wa duka moja la vyombo River Road, na chumba chao kilikuwa nyuma ya duka. Alipochoka na misiba alimwambia, "Tumbo lako ni kaburi," akamleta msichana aitwaye Nanjala, na vitu vya Namalwa akaviweka nje kwenye korido. Si vyote. Cherehani aliibakiza, cherehani ambayo Namalwa aliinunua kwa miaka ya kuuza uji kwa waashi, jasho lake mwenyewe. Wazee wa kanisa walimwambia avumilie. Wazee hao hao wakaenda kula kuku wa Nanjala.

Basi akaweka kibunda chake chini katika chumba cha Njambi. Akatupa ule ugali. Lakini moto hakuuwasha. Kwao, mwanamke hapiki juu ya mafiga ya mwanamke mwingine aliye hai, kama huyo hakumwachia kwa mkono wake. Ukiyakuta unayang'oa, unaweka mawe yako. Alikusudia kuyang'oa siku ile ile. Akainama, akashika figa la kwanza, na hapo mlangoni ikasikika sauti ndogo:

"Watoto bado wamelala?"

Alikuwa Rozi, binti wa Bwana, toto la nywele nyeupe kama katani, linaloongea Kiswahili kuliko mama yake. Hakungoja kukaribishwa. Alichuchumaa mbele ya mafiga, akaweka kiganja juu ya jivu, polepole, kama anavyowekewa mtu mwenye homa.

"Watoto gani?" aliuliza Namalwa.

"Wa Njambi. Wako chini ya moto. Njambi alisema tusiwaamshe. Wakiamka watalia na watu wote watasikia."

Namalwa aliliachia lile figa.

Huko kwao mtoto mchanga aliyekufa kabla ya kuzoewa jina huzikwa na wanawake peke yao, karibu na ukuta wa nyumba, bila makelele. Wake walizikwa hivyo. Sasa akafikiria mwanamke asiye na mume, anayelala peke yake nyuma ya bustani ya Mzungu, na kitu gani mwanamke huyo angeweza kukizika chini ya moto wake asionekane. Hakuthubutu kugusa tena. Akachukua mawe matatu kule wanakovunja kokoto, akapikia nje, nyuma ya ukuta.

Nyumba ile ilikuwa na desturi ya hofu. Saa kumi na mbili jioni kengele iligongwa, wafanyakazi wote wakatolewa ndani, Memsahibu, mke wa Bwana, akafunga milango na kujipakulia chakula mwenyewe, na mbwa wakafunguliwa. Hapo hutoki tena mpaka kunakucha. Namalwa alilala akiwa ameyapa mgongo mafiga, akaona ni afadhali kuyageukia, akayageukia, akaona ni afadhali kuyapa mgongo. Asubuhi jivu lilikuwa na uvuguvugu. Alijiambia ni paka wa Njambi, aliyezoea kulala hapo. Paka alimwona kweli mara mbili tatu. Siku nyingine hakumwona, na jivu lilikuwa na uvuguvugu vile vile.

Mvua zilipofika Shem alimchungulia kwenye dirisha la jiko. "Shemeji! Moto wa nje kwenye mvua! Unapika ugali au unaosha mahindi?"

"Pika ya Bwana wako uniache."

"Nakuacha, lakini ukifa na kikohozi mimi sisafirishi maiti mpaka Bungoma."

Akaona hana njia. Alasiri moja, Memsahibu amelala, Mwololo mtunza bustani yuko mbali akilima, Namalwa akafunga mlango na kuyang'oa mafiga. La kwanza lilitoka na udongo mgumu. La pili pia. Chini ya la tatu udongo ulikuwa laini, udongo uliochimbwa na kurudishwa. Akachimba kwa kijiko cha bati, baadaye kwa vidole, akimwomba Mungu na kumlaumu kwa pumzi moja. Vidole vikagusa nguo.

Ilikuwa soksi ya mtoto mchanga, imefumwa kwa sufu nyeupe, imefungwa fundo. Ndani mlikuwa na vitu vidogo vigumu vinavyosuguana. Akavipapasa kwa nje, kimoja kimoja, na kila kimoja kilikuwa na urefu wa kidole cha mtoto. Machozi yakamtoka kabla hajafungua.

Akafungua. Zilikuwa risasi.

Alikaa chini pale pale kwenye jivu. Kwanza alishukuru kwamba si mifupa. Kisha akakumbuka koo la Shem na ulimi wake, akaona kwamba mifupa ingekuwa afadhali. Sasa alielewa pia kwa nini askari hawakuzipata. Siku ile moto ulikuwa unawaka, sufuria iko juu, na askari walikuwa wanaume. Sakafu wataichimba, paa watalichoma, lakini mwanamume hashiki mafiga ya mwanamke kuyang'oa. Hata hawakujua kwamba wameyaruka.

"Umewaamsha," ilisema sauti.

Mlango ulikuwa wazi kidogo, na jicho la Rozi lilikuwa kwenye uwazi.

Namalwa akamvuta ndani. "Nani aliwaleta hawa hapa? Niambie, mwanangu. Njambi?"

"Mimi," alisema Rozi. "Walikuwa kwenye droo ya Baba, gizani. Walikuwa wanaogopa."

"Na Njambi akasema nini?"

"Akalia. Halafu akasema tuwalaze, na nisiwataje kwa mtu, hata kwa Mama."

Namalwa akazihesabu kwa kidole. Zilikuwa sita. Shem alikuwa amesema tano, lakini Shem ni mtu wa maneno mengi, na Wazungu wana vitu vingi hata hesabu yake hawaijui. Hakulitilia maanani. Angelitilia maanani, pengine mambo mengi angeyajua mapema.

Afanye nini nazo? Akizipeleka kwa Bwana, zitakuwa zimetoka chini ya moto wa Njambi, na popote Njambi alipofungiwa kitanzi kitamfuata. Au Bwana atauliza ni nani ameishi humo tangu Njambi achukuliwe. Kwamba ni mtoto ndiye aliyezichukua, nani atathubutu kumwambia Mzungu mwenye bastola kiunoni? Njambi hakuthubutu, au alithubutu akazabwa kofi. Azitupe bustanini? Mbwa hufukua hata mfupa wa mwaka jana, na wakikosa mbwa kuna jembe la Mwololo. Chooni? Askari walikwisha kupekua shimo la choo kwa ndoana siku ya Njambi, wakawalazimisha wafungwa kulitapisha. Mtoni hakuwa na ruhusa ya kwenda, na huko walikuwa wakilala askari. Kila mahali palipokuwa pake palikuwa pa mtu mwingine.

Akazirudisha ndani ya soksi, akajifunga nazo kifuani chini ya nguo. Mafiga ya Njambi akayaegemeza ukutani, na mawe yake mwenyewe akayaingiza mahali pake. Siku hizo akitembea alizisikia zikigongana taratibu, na akisimama zikanyamaza.

Dawa aliipata kwa Shem, na Shem hakujua kwamba anaitoa. Alikuwa akimenya njegere na kupiga domo kuhusu mtu mmoja wa Riruta, ambaye ndugu yake alikitamani kiwanja chake.

"Akaweka risasi moja kwenye paa la kaka yake, shemeji, akaenda kunong'ona kituoni. Moja! Sasa kiwanja ni chake, na mke wa kaka pia nasikia. Siku hizi kuua mtu hakuna haja ya bunduki. Bunduki iko kwa Serikali. Wewe unapeleka risasi tu."

Namalwa aliyaanika mashuka ya Memsahibu, akiyawaza maneno hayo. Alikuwa akijiona mtu wa mwisho kabisa, mwenye risasi na hana bunduki. Kumbe bunduki ipo, kubwa, imejaa nchi nzima, na inangoja tu kuambiwa Tobias analala wapi.

Jumapili aliomba ruhusa, akasema anakwenda kanisani. Ile soksi aliizika ndani ya unga wa wimbi kwenye kikapu. Barabara ya Ngong ilikuwa imefungwa kwa gogo. Upande mmoja wanawake wa Kikuyu walikuwa wamepigwa mstari, wamevuliwa vilemba, na askari wanawapapasa hata kwenye nywele. Askari mwingine akamjia Namalwa, akachovya fimbo yake ungani, akaichomoa imekuwa nyekundu.

"Kabila?"

"Mluhya, afande."

"Unapeleka wapi?"

"Kwa mume wangu."

"Mume ana bahati. Pita, mama."

Akapita. Macho ya wale wanawake yalimsindikiza mpaka kwenye kona.

Mjini alikuta kimya asichokizoea. Tangu Wakikuyu wachukuliwe, River Road ilikuwa kama kinywa kilichong'olewa meno: duka moja limefunguliwa, yanayofuata yamefungwa, na kwenye milango iliyofungwa bado kulikuwa na viti vya watu nje. Akapita uchochoroni, akafika kwenye mlango ambao zamani ulikuwa wake. Akabisha hodi kama mgeni.

Nanjala alifungua. Alimtambua, akarudi nyuma hatua, kisha akakumbuka adabu akapiga magoti kidogo kumsalimia. "Dada. Karibu ndani. Mwenyewe ametoka, yuko na watu wa kwaya."

"Nimewaletea wimbi."

"Asante, dada. Dada, nilitaka kuja kukuona, alinikataza. Usinichukie sana."

"Chai unayo?"

"Ngoja nichote maji."

Nanjala akatoka na birika. Namalwa akabaki na chumba chake. Kitanda kile kile. Cherehani pale pale pembeni, imefunikwa kitambaa ambacho hakukifuma yeye. Akaichomoa soksi ungani, akafuta unga kwa upindo wa gauni, akafungua kidroo cha cherehani. Ndani mlikuwa na mikasi na vifungo. Nafasi ilikuwepo. Neno moja tu kwa yule askari wa gogo wakati wa kurudi, na kesho yake Tobias atajua kaburi ni nini.

"Dada," sauti ya Nanjala ilinong'ona mlangoni, "polepole na droo. Mtoto amelala."

Namalwa aliganda. Lilikuwa neno lile lile la Rozi, kwa mnong'ono ule ule. Akageuka. Juu ya kitanda, ndani ya nguo aliyodhani ni mto, palikuwa na mtoto mchanga. Uso wake haukuonekana, ila kipande cha soksi, sufu nyeupe.

Nanjala akaweka birika kwenye jiko, hakuwa ameona kitu. Namalwa alisimama na mkono ndani ya droo, akaona mambo yatakavyokuwa. Buti zitakuja asubuhi. Tobias atakuwa stoo. Atakayekuwa chumbani ni huyu msichana na birika lake, kama Njambi na sufuria yake. Kisha Tobias ataitwa, atakuja na kofia mkononi, na atasema nini? Namalwa hakuhitaji kubahatisha; alikuwa amelala na mtu huyo miaka mingi. Atasema, "Afande, mimi sijui. Ni vya mke wangu." Na baadaye ataoa wa tatu.

Akairudisha soksi kifuani. Lakini hakuutoa mkono wake mtupu. Chini ya bamba la cherehani kuna kichuma kidogo kinachoshika uzi wa chini. Mashine bila hicho ni meza tu. Vidole vyake vilikijua hata gizani. Akakichomoa, akakifumbata. Kisha akaketi, akanywa chai ya Nanjala, akaisifu.

Jioni, kabla ya kengele, aliyatoa mawe yake nje ya chumba na kuyarudisha ya Njambi mahali pake, kwa kufuata weusi wa masizi. Alichimba kwanza, shimo la kuingia mkono mpaka kiwiko, akailaza ile soksi humo. Hakukuwa na mahali pengine nchini palipokwisha kupekuliwa na kusahauliwa. Akawasha moto juu yake, akapika. Alijua anakosea kwa desturi ya kwao. Alisema kwa sauti, peke yake, "Njambi, nimekushikia tu."

Moto ukavuta vizuri, bila moshi, kama uliomsikia.

Kuanzia hapo jivu likaanza kuwa na alama.

Hakuwahi kuziona asubuhi. Aliziona alasiri, akirudi kutoka kufua, moto umefifia na chumba kimya. Alama ya kiganja, kidogo, vidole vitano vimetanuka, imekandamizwa kwenye jivu kati ya figa na figa. Akaifuta. Baada ya siku kadhaa ikaja nyingine. Paka hana vidole. Alikaa akaitazama mpaka chuki yote aliyokuwa nayo ikalegea, akaweka mkono wake juu ya kile kiganja kidogo na kukifunika.

Aliamini ni wake. Walikuwa wamemfuata mpaka Karen, wamesikia kwamba kuna mahali watoto wanalazwa chini ya moto hawaoni baridi. Akaanza kuwaachia kipande cha kiazi kitamu juu ya jiwe kabla ya kwenda kufua. Akirudi hakipo. Hakumwambia mtu. Miaka hiyo ndiyo pekee aliyokuwa na watoto wa kuwapikia.

Tobias alikuja mara moja getini, amevaa kofia ya Jumapili, kuuliza kama kwa bahati alichukua kichuma cha cherehani. "Mafundi wote hawana cha aina ile," alisema.

"Kichuma?" alisema Namalwa. "Mimi ni kaburi tu, vichuma navijulia wapi?"

Memsahibu, kwa kutojali, alianza kumwita Njambi. "Njambi, wewe lete maji moto." Naye aliitika. Rozi pia akawa anamwita hivyo, na akija alasiri huuliza lile lile, "Wamelala?" na Namalwa humjibu, "Wamelala." Alishangaa siku moja kusikia mtoto akisema, "Huo ndio wimbo wa Njambi," maana Namalwa alikuwa akiimbia puani tu, na wimbo huo hakufundishwa na mtu.

Rozi akakua. Wakampeleka Ulaya kwenye shule ya kulala. Wiki ile ile alama za jivuni zikakoma. Kiazi kikabaki juu ya jiwe, kikanyauka, mchwa wakakijia. Namalwa aliweka kingine, na kingine. Akaomboleza mara ya pili, bila matanga, na hakuna aliyejua. Shem alidhani ni tumbo.

Mwaka uliofuata Bwana naye akaamua kurudi kwao. Nyumba ikajaa makasha. Na ni wakati huo, Namalwa anakunja nguo uani, mwanamke mmoja alipotokea kwenye njia ya wafanyakazi. Alikuwa mkavu, nywele zimeota mvi upande mmoja tu, anatembea kama mtu aliyezoea kuamriwa asimame. Hakuenda jikoni wala hakubisha hodi. Alikwenda moja kwa moja chumbani, akasimama mbele ya moto.

"Hujambo, mwenzangu," alisema. "Mimi ni Njambi. Nimetolewa kizuizini, nimepewa pa kukaa Kabiria, kijijini. Nimekuja kuchukua mafiga yangu."

Namalwa akasema, "Nimepikia juu yake. Sikuwa na njia."

"Naona. Umeyaweka sawa." Njambi akakalia kile kigoda, na kigoda kikamtosha kama kiatu. Akauangalia moto. Kisha kwa sauti ya chini sana: "Watoto?"

"Wamelala. Wote sita."

Njambi akainua uso. "Sita?"

"Sita."

"Mimi niliacha watano. Hata waliponipiga nilikuwa nawahesabu moyoni. Watano."

Namalwa akaumwagia moto maji, mvuke ukajaa chumba, na wakayang'oa mafiga pamoja, kila mmoja upande wake.

Hawakuchimba mbali. Kidole cha Namalwa kiligusa nguo karibu juu juu, penye uwazi kati ya figa na figa. Ilikuwa soksi ya mwanasesere, ukingo wake umeungua. Ndani, risasi moja. Kando yake kigauni cha mwanasesere, ndani risasi mbili. Kisha glovu ya mtoto. Kisha leso ya Bwana yenye herufi zake. Zilikuwa zimelazwa mstari, vichwa vyote upande mmoja, zimefunikwa vizuri mpaka shingoni. Mstari wa pili ulikuwa chini ya wa kwanza. Na chini kabisa, mahali alipoiweka, ile soksi kubwa ya sufu, kama mama yao.

"Alikuwa anawaleta," alisema Njambi. "Miaka yote hii."

Bwana alikuwa akizipoteza na kunyamaza, kwa aibu mbele ya wenzake. Na Namalwa alikuwa akisonga ugali juu yake.

Akakikumbuka kile kiganja alichokuwa akikifunika kwa chake. Akaangalia jiwe la kiazi. Hakuna aliyemfuata Karen. Alikuwa amemlisha mtoto wa Mzungu aliyeshiba.

"Ulikuwa hujui?" aliuliza Njambi.

"Niliona mikono kwenye jivu. Nilidhani ni wangu."

"Wako wangapi?"

"Watatu."

Njambi alichukua jivu kwenye ncha ya kidole, akaligusisha kwenye kiganja cha Namalwa, akakifumba.

"Tuzifanye nini?" alisema baadaye. "Nilikuwa nikijiuliza hata kule ndani. Sijawahi kupata jibu."

Namalwa akageuka kuiangalia nyumba kubwa. Memsahibu alikuwa amemwambia asubuhi afunge sanduku la vitu vya Rozi: wanasesere, kitanda chao cha mbao, vikombe vyao. Sanduku litatangulia na lori mpaka stesheni, lipande meli. Akamwambia Njambi angoje.

Alizibeba ndani ya kapu la nguo zilizopigwa pasi, akapita jikoni mbele ya Shem, akapita mbele ya Bwana aliyekuwa akipiga simu. Katika chumba cha mtoto alikiweka kitanda cha wanasesere chini kabisa ndani ya sanduku, akazilaza humo zote, mstari juu ya mstari, vichwa upande mmoja, akazifunika shuka lake dogo. Wanasesere akawaweka juu. Akafunga kamba.

Njambi aliondoka na mafiga yake kwenye gunia. Namalwa alimsindikiza mpaka njia panda. Askari wa pale alimsimamisha, kama walivyokuwa wakiwasimamisha bado watu wake. Akamwaga gunia. Akaligeuza figa la kwanza, akalipiga kwa rungu, akalinusa. Akageuza la pili.

Nyuma yao lori la Bwana likateremka na makasha, sanduku la Rozi likiwa juu kabisa. Askari akasimama wima, akalipigia saluti, akalifungulia njia. Lori likapita bila kupunguza mwendo.

"Mawe tu?" alisema, akirudi kwenye figa la tatu.

"Mawe tu, afande," alisema Njambi.

Namalwa alilitazama sanduku mpaka vumbi likalifunika. Huko Ulaya yule msichana atakata kamba, atainua shuka, atawakuta. Akitaka kuwaamsha, ni shauri lake. Huko wakilia, hakuna atakayekuja kumtafuta Njambi.